Gitaa la Upande wa Kulia

Siku ile ya Ijumaa Mzee Moja-Mbili aliamka na kwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, hata uso hajanawa vizuri. Mkewe alimletea chai, akaiweka kando ya kibodi, akasubiri neno la shukrani, akaambulia kupungiwa mkono.

"Haya," mkewe akasema. "Leo nimeolewa na kisogo."

Jina la Moja-Mbili alilipata ujanani, alipokuwa fundi mitambo wa bendi. Kabla ya kila dansi yeye ndiye aliyetangulia jukwaani, akashika kipaza sauti na kusema, "Moja, mbili. Moja, mbili." Hakuwahi kufika tatu. Vijana ukumbini walimpigia kelele, "Fundi, hesabu uliishia hapo?" Naye wakati huo alikuwa akitoka shule ya jioni, madaftari kwapani, akijifunza umeme na hesabu ambazo wale wacheka-cheka wasingeziweza hata kwa kusukumwa. Aligeuza vifundo vya mtambo wake, na bendi ilipoanza kupiga, kila mtu alinyamaza.

Katika bendi ile kulikuwa na mpiga gitaa mmoja waliyemwita Kidole. Yeye na Moja-Mbili walikuwa chanda na pete. Walikaa chumba kimoja kabla ya kuoa, walivaliana mashati, na mke wa Kidole alipokuja alimkuta Moja-Mbili hapo hapo, akamwita shemeji tangu siku ya kwanza. Kidole alifariki miaka mingi iliyopita. Bendi nayo ilisambaratika, vyombo vikauzwa, ukumbi ukageuzwa ghala la mbao. Kilichobaki ni wimbo mmoja kwenye kaseti.

Na sasa mke wa Kidole alikuwa anahama. Binti yake aliyeolewa mbali alikuwa amemwita akaishi naye, na safari ilikuwa Jumatatu. Alhamisi alipiga simu kuaga, wakaongea ya afya na ya wajukuu, kisha akasema, "Shemeji, ule wimbo mliorekodi na marehemu, bado unao?"

"Ninao. Nimeuhamishia kwenye kompyuta. Safi kabisa."

"Nataka niusikie kabla sijaondoka. Uso wake ninao kwenye picha. Mikono yake ndiyo imeanza kunipotea. Nikikumbuka alivyokuwa akipiga, nasikia tu kama mtu anaongea chumba cha pili."

"Njoo Jumamosi alasiri," Moja-Mbili akasema kifua mbele. "Utamsikia kama yupo hapa."

Jioni ile ile akaufungua wimbo ahakikishe. Waimbaji walikuwepo, sauti zao karibu na nzuri. Kidole hakuwepo. Akikaza sana sikio alilisikia gitaa kwa mbali, kama linapigwa nyumba ya jirani na mlango umefungwa. Kaseti yenyewe haikuwepo tena. Siku ile ile aliyouhamisha wimbo, deki yake ya zamani iliutafuna mkanda, akautoa vipande vipande kama utumbo wa kuku. Kama gitaa lilipotea katika kuhama, basi lilipotea mikononi mwake yeye, na halitarudi. Usiku huo aligeuka-geuka kitandani mpaka mkewe akamuuliza kama amelalia misumari.

Lakini asubuhi ya Ijumaa aliamka na wazo, ndiyo maana chai ilipoa. Aliifungua programu inayoonyesha nguvu ya sauti. Vijiti viwili vya kijani vikatokea kwenye skrini, kimoja cha kushoto, kimoja cha kulia. Akaucheza wimbo. Vyote viwili vikaanza kurukaruka. Mzee akasogeza miwani. Kijiti cha kulia hakikuwa kikiruka kwa kufuata waimbaji. Kiliruka kwa vishindo vifupi vifupi, kikipanda na kushuka haraka, na yeye aliyajua mapigo yale hata kwa macho.

"Yumo!" akapiga meza. "Yumo ndani, mama! Kidole yumo!"

"Amiminiwe chai?" mkewe akauliza kutoka jikoni.

Sasa kila kitu kilimrudia. Wimbo ule waliurekodi kwenye darasa la shule ya jioni, mwalimu alipowaruhusu baada ya vipindi. Walisukuma madawati ukutani. Vipaza sauti vilikuwa viwili tu, hivyo yeye Moja-Mbili akatoa amri: waimbaji upande huu na kipaza sauti chao, Kidole upande ule na chake, na katikati akasimamisha godoro walilolibeba kichwani kutoka chumbani kwao, ili sauti zisiingiliane. Njiani watu waliwauliza kama wanahama. Waimbaji wakaingia upande wa kushoto wa mkanda, gitaa likaingia wa kulia. Ulikuwa ufundi wake mwenyewe, na alijivunia. Basi kama kijiti cha kulia kinaruka, gitaa limo kwenye faili. Halikupotea. Halifiki tu masikioni.

Na anayepeleka sauti masikioni alimjua. Aliitwa seva ya sauti. Ndani ya kompyuta kila programu inataka kupiga kelele: redio, simu ya video, wimbo, kengele ya barua. Katikati yao hukaa programu moja isiyoonekana, inazipokea sauti zote, inazichanganya, inaamua ipi iende kwenye hedifoni na ipi iende kwenye spika, kwa nguvu gani na upande gani. Mzee alipoisoma habari hiyo mara ya kwanza alicheka peke yake. "Hii si kazi yangu hii?" alimwambia mkewe. "Mimi ndiye niliyekuwa seva ya sauti ya bendi nzima, tena kwa mshahara wa kusuasua." Tangu hapo aliiheshimu na kuitilia shaka kwa pamoja, kama mtu anavyomtazama kijana aliyerithi meza yake.

Spika za kompyuta hakuwa nazo. Vile vispika vidogo vya plastiki aliviita makopo, akaapa havitaingia nyumbani mwake. Alikuwa na hedifoni yake ya kazi, ile ile ya zamani, nzito, yenye vikombe vinavyozunguka kama shingo ya bundi. Na aliivaa kama mafundi mitambo walivyoivaa siku zote: kikombe cha kushoto kwenye sikio, cha kulia kimesukumwa nyuma, kimekaa kwenye mfupa. Sikio moja linasikiliza mashine, jingine linasikiliza ukumbi. Hakukuwa na ukumbi tena, ila mkono ulizoea.

Sasa kwa ajili ya uchunguzi akaivaa sawasawa, vikombe viwili kwenye masikio mawili. Akaiagiza seva ifanye jaribio lake. Sauti ya mwanamke ikasema, "Kushoto." Akaisikia vizuri kabisa. Akasubiri. Kwenye skrini maandishi yakahamia kulia, yakawaka, yakazimika. Hakusikia kitu.

"Nimekukamata," Mzee akaiambia kompyuta. "Unaunyima upande wa kulia."

Mtu mwingine angeshuku hedifoni kwanza, akaigeuza nyuma mbele. Yeye hilo hakulifikiria. Hedifoni ile alikuwa ameifungua mwenyewe na kuunga waya zake upya, na kazi aliyoifanya kwa mikono yake haikuwa na desturi ya kutiliwa shaka.

Akalifungua faili la mipangilio ya seva. Kwanza akatoa nakala, maana fundi hafungui mtambo kabla hajajua atakavyoufunga. Kisha akaanza kusoma mstari kwa mstari, kidole kwenye skrini. Akahakikisha kwamba seva inatoa sauti kwenye tundu la hedifoni, si kwenye waya wa skrini. Akabadilisha kasi ya sauti. Akaizima seva, akaiwasha, akaucheza wimbo: waimbaji wakatoka na sauti za vitoto vya paka. Mkewe alimsikia akicheka kwa uchungu. Akairudisha kasi mahali pake. Akaandika mistari mipya ya kuuamuru upande wa kulia uamke, akaiwasha tena seva, seva ikagoma kabisa kuamka na kompyuta nzima ikawa bubu. Jasho likamtoka. Akaisoma mistari yake upya, akagundua alikuwa amefungua mabano bila kuyafunga. Kosa la mtoto. Akatazama nyuma kuona kama mkewe yupo, akayafunga mabano, seva ikaamka.

Kulia kukabaki kimya.

Hapo damu ikaanza kumchemka. Kesho shemeji anakuja, Jumatatu hayupo, na huyu mtu asiyeonekana amemfungia Kidole mlango. Mzee akakitafuta kipimo cha nguvu ya upande wa kulia, akakipandisha mpaka mwisho. Kimya. Akakumbuka kwamba seva inaruhusu kupita mwisho ukiiandikia kwa mkono. Akaandika. Akaongeza. Kikombe cha kulia kilianza kumtekenya shavuni, akadhani ni nzi, akakipiga kofi. Akaongeza tena.

"We mzee!" Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. "We mzee, utatuua!"

Hakusikia maneno, aliona mdomo. Akavua hedifoni. "Unasema?"

"Nasema punguza! Gitaa la Kidole linasikika mpaka jikoni, sufuria zinacheza!"

"Gitaa gani?"

Mkewe akamtazama. Hedifoni ilikuwa mezani, na kutoka kwenye kikombe kimoja kulikuwa kunatoka mlio mwembamba, mkali, unaokimbia juu na chini. Mzee akakishika kikombe kile cha kulia, akakipeleka kwenye sikio lake la kushoto. Akaruka kwenye kiti kama aliyeguswa na umeme.

Kisha akakipeleka kwenye sikio la kulia. Hakukuwa na kitu. Akakirudisha kushoto. Kidole. Akakipeleka kulia. Hakuna. Akafanya hivyo mara kadhaa, taratibu, kama anavyofanya fundi anayetafuta waya uliokatika, na mwisho akakiweka kikombe mezani na kupunguza sauti.

"Si seva," akasema.

"Hapana," mkewe akasema. "Si seva." Akavuta kiti, akakaa kushoto kwake.

Mzee akakitazama kiti kile. "Zamani ulikuwa ukikaa upande ule mwingine. Wa dirishani."

"Nilihama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa hunijibu. Mwanzo nilidhani kiburi, nikakununia wiki nzima, wala hukujua umenuniwa. Siku moja nikaja kukuuliza nikiwa upande huu, ukanijibu vizuri mpaka nikashangaa. Basi nikahamisha kiti. Nikahamisha na mto wangu kitandani. Njiani natembea upande huu. Unadhani nilikuwa napenda kutembea kwenye mtaro?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Fundi wa masikio?" Akacheka kidogo, akamfuta jasho kwa ncha ya kanga. "Ungeniandikia barua ya kunipinga."

Mzee hakucheka. Masikio yale ndiyo aliyoyategemea kuliko vyeti vyake vya shule ya jioni. Viongozi wa bendi waligombana, waimbaji walivimbiana, wote mwisho walimtazama yeye pale nyuma ya meza yake, na akitikisa kichwa hakuna aliyebisha. Na sasa nusu ya meza ilikuwa imezimika, hata hajui ni lini, kwa kuwa kikombe cha kulia kilikaa nyuma ya sikio siku zote na hakuna aliyekiuliza kitu.

"Halafu," mkewe akasema, "nani yule anayesema tatu?"

"Tatu gani?"

"Mwanzo wa wimbo. Wewe unasema moja, mbili. Halafu kuna mtu anasema tatu. Nimemsikia nikiwa mlangoni."

Mzee akakaa wima. Mwanzo wa wimbo aliujua kama uso wake. Ilikuwa sauti yake ya ujana kwenye kipaza sauti cha waimbaji: "Moja, mbili. Moja, mbili." Kisha kimya kifupi, kisha wimbo. Kimya kile alikuwa amekihesabu siku zote kuwa dosari ya mkanda, hata aliwahi kufikiria kukikata.

Akaurudisha wimbo mwanzo, kikombe cha kulia kwenye sikio la kushoto. Kulikuwa na mlio wa kiti kinachosogezwa. Halafu, karibu kabisa, kwa sauti nzito yenye kicheko ndani yake, Kidole akasema, "Tatu, nne! Twende bwana, chai inapoa!" Na gitaa likaanza.

Mzee aliinamisha kichwa. Mkewe akaondoka taratibu, akarudi jikoni, akafunga mlango.

Alasiri ile alifanya kazi bila haraka. Alirudisha ile nakala ya mipangilio kama ilivyokuwa. Kisha akaiandikia seva tundu jipya la kubuni, lisilokuwepo kwenye mashine ila kwenye maandishi tu: chochote kinachoingia humo, kushoto na kulia, kichanganywe pamoja, kisha mchanganyiko huo upelekwe vikombe vyote viwili sawasawa. Safari hii aliyahesabu mabano. Akaizima seva, akaiwasha. Akasukuma kikombe cha kulia nyuma ya sikio kwa mazoea, akasikiliza kwa kushoto. Moja, mbili. Moja, mbili. Tatu, nne, twende bwana. Waimbaji wakaingia, Kidole akawazunguka kama mtu anayepita katikati ya watu bila kumgusa yeyote, na darasa lote likarudi: vumbi la chaki, madawati ukutani, godoro lililosimama wima, na Kidole nyuma yake akichungulia kwa pembeni kumchekesha kwa vituko vya uso ili aharibu. Mzee aliucheza wimbo mpaka mkewe akaja kuwasha taa.

Jumamosi shemeji alikuja na mkoba mdogo na miwani mipya. Mwili ulikuwa umepungua, ulimi bado.

"Shemeji umekuwa mzee hivi! Nani kakuruhusu?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe utangulie, nikaona unachelewa."

Wakacheka, wakanywa chai. Mzee akamkalisha mbele ya kompyuta, akamvalisha hedifoni, vikombe vyote viwili, akaucheza wimbo kupitia lile tundu lake jipya. Shemeji alisikiliza ameshika tama. Wimbo ulipokwisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mzuri," akasema. "Mzuri sana. Ila shemeji, hawa waimbaji wako hawawezi kunyamaza kidogo? Mimi sikuolewa nao."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Wananyamaza. Upande wa kulia yupo yeye peke yake. Nikiutoa mchanganyiko wangu, kila mmoja anarudi upande wake." Akashika kipanya, akautoa wimbo kwenye tundu la kubuni, akaurudisha kwenye lile la kawaida. "Vaa kikombe cha kulia tu. Utamsikia yeye."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshasikia jana."

"Sitaki. Zamani mlikuwa mkisikiliza pamoja, vichwa vimegusana kama mbuzi wawili, mimi nimesimama na sinia. Leo nami nataka. Sogea." Akasimama, akazunguka kwenda kukaa kwenye kiti cha dirishani, upande wa kulia wa Mzee.

Mkewe alikuwa mlangoni. Alimtazama mumewe. Mzee aliliona lile jicho. Angeweza kumwacha shemeji akae pale, akatikisa kichwa kwa kufuata mapigo aliyoyajua kwa moyo, na hakuna ambaye angegundua.

"Hapana, shemeji," akasema. "Njoo huku kushoto. Huko kulia nyumba imefungwa siku hizi. Hakuna mtu."

Shemeji akasimama katikati ya chumba. "Sikio?"

"Limekwenda. Lote."

"Pole, shemeji. Wewe, fundi mwenyewe?"

"Mimi."

Akarudi, akakaa kwenye kiti cha mke wa Mzee, upande ule ule aliouhamia mkewe alipojua. Mzee akavizungusha vikombe vya hedifoni vikatazamana nje, akaishika katikati yao. Kikombe cha kulia kikakaa kwenye sikio la kulia la shemeji, cha kushoto kwenye sikio lake lililobaki. Vichwa vyao, vyote viwili vya mvi, vikagusana. Akabonyeza.

Alijua hatasikia gitaa. Alisikia sauti yake ya ujana, yenye majivuno, ikisema, "Moja, mbili. Moja, mbili." Kisha kikaja kile kimya alichokifahamu, na ndani ya kimya kile, hapo hapo kando yake, shemeji akacheka. Alicheka kicheko cha msichana, akajiziba mdomo kwa kiganja.

Waimbaji wakaingia. Mzee akautazama mkono wa shemeji uliokuwa juu ya meza. Vidole vilikuwa vimeanza kutembea juu ya mbao, polepole, halafu haraka, vikipanda, vikishuka, vikisita pale ambapo Kidole alikuwa akisita ili amfanye mtu angoje. Havikukosea mahali hata pamoja. Mzee aliimba na waimbaji moyoni na kuvifuata vidole vile kwa macho, na wimbo ukatimia.

Ulipokwisha wakabaki vile vile, vichwa pamoja.

"Mikono yake," shemeji akasema. "Ndiyo hii."

"Chai inapoa," mkewe akasema kutoka mlangoni, naye hakujua kwa nini wote wawili waligeuka kumtazama namna ile.

"Iache ipoe," shemeji akasema. "Shemeji, anza tena."

Mzee akaurudisha mwanzo.